Barua kwa mwanangu anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu jambo unalolikusudia si dogo na sikupenda kulijibu kwa haraka. Unasema kwamba wewe na wenzako wanne mmekubaliana kutengeneza filamu ya kutisha kutokana na hadithi ya mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe ya kuanguka kwa nyumba ya ukoo wa Usher, kwamba fedha mlizochanga ni chache, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo mmeshaitenga kwa ajili ya damu ya bandia, vinyago, na vazi la yule dada atakapotoka kaburini. Kisha ukaandika sentensi moja iliyonichoma, kwamba mtafanya tu mtakachoweza kwa kuwa filamu ya fedha kidogo haiwezi kuwa filamu ya kweli. Kwa sentensi hiyo ndiyo nimekaa kuandika.

Unaikumbuka ile filamu ya mwongozaji Roger Corman tuliyoitazama pamoja, iliyotokana na hadithi hiyo hiyo? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umejifunika shuka hadi puani, na ilipokwisha hukuniuliza kama mizimu ipo. Uliniuliza, "Mama, mbaya ni nani?" Sikuwa na jibu la haraka, nikakwambia ulale. Juzi, baada ya barua yako kufika, niliitazama tena mara mbili, na mara ya pili nilizima sauti kabisa ili nione kazi yenyewe ilivyofanywa.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1960, na walioitengeneza walikuwa American International Pictures, kampuni ya Marekani iliyozoea kupiga filamu mbili mbili za rangi nyeusi na nyeupe, kila moja kwa siku kumi hivi, na kuziuza kwa pamoja ili mtazamaji alipe mara moja aone mbili. Corman aliwaomba wakuu wake, James Nicholson na Samuel Arkoff, fedha za filamu mbili aziweke katika moja, iwe ya rangi, ya picha pana, na ipigwe kwa siku 15. Siku 15 zilikuwa anasa kwake, maana mwaka huo huo alitoa filamu nyingine ya kutisha na kuchekesha ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa kwa siku mbili na usiku mmoja. Gharama inayotajwa kwa kawaida kwa filamu ya Usher ni dola 300,000 hivi, kiasi ambacho kwa studio kubwa za wakati ule kilikuwa kidogo sana. Hata kumchagua Poe kulikuwa na faida ya mfukoni: hadithi ilichapishwa mwaka 1839, mwandishi alifariki mwaka 1849, hapakuwa na mtu wa kulipwa haki zake, na jina lake lilikuwa linajulikana kwa kila aliyepita shuleni nchini mwake. Kwa hiyo na wewe usione haya kwamba mmeichagua kwa sababu ni ya bure.

Mwaka 2005 filamu hiyo iliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani, pamoja na filamu ambazo nchi hiyo inaona zinastahili kuhifadhiwa. Kazi ya siku 15.

Sasa tazama fedha zile zilikwenda wapi. Msanifu wa mandhari, Daniel Haller, hakujenga nyumba ya Usher tangu msingi; alikusanya vipande vya mandhari vilivyokuwa vimelala katika ghala za studio kubwa, kuta, ngazi, milango na nguzo, akavipanga upya mpaka vikawa nyumba moja. Kamera ilishikwa na Floyd Crosby, mzee ambaye alikuwa ameshapata tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1931, na ambaye alijua kuitembeza kamera polepole ndani ya vyumba hivyo hata ukaamini kwamba nyuma ya kila mlango kuna ukumbi mwingine. Mwigizaji mkuu alikuwa Vincent Price, aliyezipausha nywele zake na kunyoa masharubu ili awe Roderick Usher, mtu ambaye mwanga unamuumiza na sauti ya kawaida inamtesa. Waigizaji wote wenye maneno ya maana ni wanne tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilipozima sauti ndipo nilipouona uundaji wenyewe.

Lakini jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili. Corman mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba Arkoff alilalamika kuwa filamu ya kutisha isiyo na dubwana haitauzika, naye akamjibu kwamba nyumba ndiyo dubwana. Jibu lile lilimpa kazi, kwa sababu baada ya kulitamka ilibidi alitimize, na kwa masimulizi yake akaongeza katika maneno ya Roderick kauli ya kwamba nyumba ile ina uhai na inapumua. Ukiitazama filamu ukijua hivyo utaona kwamba karibu kila senti imekwenda kwa dubwana huyo. Mchumba wa Madeline, dada yake Roderick, anafika mlangoni, na kabla hajafika popote mtumishi anamwomba avue viatu vyake vya kupandia farasi, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kustahimili kishindo. Kuvua viatu, mwanangu! Tendo hilo halina gharama yoyote, lakini tangu hapo kila hatua katika ngazi ile inasikika kama kosa. Baadaye kizuizi cha ngazi kinavunjika, taa kubwa ya kuning'inia inaanguka na nusura imuue mgeni, na ufa ukutani unapanuka. Hakuna aliyevaa kinyago.

Sisemi kwamba haina kasoro. Nyumba inapoonekana kwa nje, yote nzima katikati ya ukungu, jicho linatambua mara moja kwamba ni mchoro na mfano mdogo wa nyumba. Ndoto ya mchumba, ile yenye rangi za bluu na zambarau na mababu wanaomzonga, kwangu ni ndefu kupita haja yake, na nadhani ndiyo sehemu pekee ambamo filamu inajaribu kutisha kwa kuonyesha vitu vingi. Wewe ulicheka pale. Ulikuwa na haki ya kucheka, ila ukumbuke kwamba hukucheka tulipofika kwenye jeneza.

Hapo kwenye jeneza ndipo nilipoirudisha picha mara nyingi zaidi. Madeline, anayedhaniwa amekufa, amelazwa, mikono juu ya kifua, na wanaume wawili wanaompenda, kila mmoja kwa namna yake, wako pembeni kumuaga. Mchumba amezama katika huzuni na haangalii. Vidole vya Madeline vinatikisika, kidogo tu, na Roderick anaviona. Halii wala hapigi kelele. Anafunika jeneza. Uso wa Price wakati ule ni uso wa mtu anayeogopa na aliyekwisha kuamua, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kifuniko kinaposhuka unatamani kumshika mkono. Hesabu gharama ya tukio hilo: sanduku moja, mkono mmoja, mtu mmoja anayejua kuigiza kwa macho.

Hapo ndipo hadithi na filamu zinapoachana, na ndipo mtakapolazimika kuamua njia yenu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Katika hadithi ya Poe hakuna mchumba. Msimulizi hana jina. Ni rafiki wa utotoni wa Roderick, ameitwa kwa barua aje kumliwaza. Madeline ni pacha wa Roderick, anapita mara moja tu mwisho wa chumba bila kusema neno, na hatamki lolote hadi hadithi inakwisha. Anapodhaniwa amekufa, Roderick anaelekeza mwili wake uhifadhiwe kwa siku 14 katika chumba cha chini kabla ya maziko, na rafiki anasaidia kuubeba. Usiku wa tufani, rafiki anamsomea kitabu ili kumtuliza, na kila kishindo kinachosimuliwa kitabuni kinajibiwa na kishindo cha kweli kutoka chini. Ndipo Roderick anapokiri kwamba wamemweka kaburini akiwa hai, na kwamba amekuwa akimsikia kwa siku nyingi, lakini hakuthubutu kusema.

Mwandishi wa filamu, Richard Matheson, aliona kwamba ukurasa unaweza kuvumilia rafiki anayekaa na kushangaa, ila dakika 80 za picha haziwezi. Akamgeuza rafiki kuwa mchumba, mtu mwenye sababu ya kugombana na mwenye nyumba, akampa Madeline sauti na hamu ya kuondoka, na akampa Roderick imani kwamba damu ya ukoo wao imeoza na haifai kuendelea. Ndiyo maana kuna zile picha za mababu ukutani, alizozichora Burt Shonberg, nyuso zilizopotoka ambazo Roderick anazitaja moja moja pamoja na uovu wa kila mmoja. Kwa mabadiliko hayo, kosa la Roderick wa kitabuni, la kunyamaza, likawa tendo la Roderick wa filamu, la kufunika. Mabadiliko ni ya ustadi na ninayaheshimu. Hata hivyo, mimi mama yako bado naogopa zaidi yule wa kitabuni, mtu aliyelala juu ya sauti ya dada yake siku baada ya siku, akijua, na asubuhi akaamka akazurura chumba hadi chumba. Swali lako la utotoni, la mbaya ni nani, naona lina majibu mawili tofauti kwa kazi hizi mbili, na ninyi mnahitaji jibu lenu la tatu au mchague mojawapo kabla hamjanunua chochote.

Kuhusu mwisho, kitabuni hakuna moto. Ufa mwembamba ambao msimulizi aliuona siku ya kwanza, ukishuka kwa kupindapinda kutoka paani hadi majini, unafunguka, mwezi mwekundu unang'aa kati yake, na nyumba inamezwa na bwawa. Corman aliwasha moto kwa sababu moto ulipatikana: kulikuwa na ghala la shambani lililokuwa libomolewe, wakalipata kwa fedha kidogo, wakalichoma usiku huku kamera zinaendelea, na picha zile zile za boriti zinazoanguka akazitumia tena katika filamu zake zilizofuata. Hata mwanzo wa filamu, mchumba akipanda farasi katika ardhi nyeusi isiyo na jani bichi, ulitokana na moto wa kweli ulioteketeza vilima vya Hollywood. Aliposikia habari hiyo alichukua kamera, farasi na mwigizaji wake akaenda kupiga picha majivu yakiwa bado mapya. Nami nakuomba wewe na wenzako mtembee, mtazame palipobomolewa, palipoungua, palipohamwa, mwombe ruhusa, na muandike matukio yenu kwa kufuata mnachokikuta.

Lakini msichome kitu. Hilo nalisema nikiwa mama, na sitalijadili. Wala msimfungie mwenzenu ndani ya sanduku lililofungwa kwa misumari au kufuli, hata kwa nusu dakika, hata akisema haogopi. Jeneza lenu liwe na upande mmoja ulio wazi mahali ambapo kamera haifiki, na mtu mmoja awe na kazi ya kusimama hapo tu, asiwe na kazi nyingine. Mtu aliye gizani ndani ya mbao hupumua vibaya kabla hajajua kwamba anapumua vibaya.

Ukiniuliza fedha zenu zipangweje, ningeziondoa zote kwenye vazi na damu. Ningeweka sehemu kubwa kwenye sauti, yaani maikrofoni nzuri na siku nzima ya kurekodi mikwaruzo, mbao zinazolia, maji, kucha juu ya kifuniko, kwa sababu Roderick ni mtu wa masikio na filamu yenu haina budi kusikia anavyosikia yeye. Kinachobaki ningekiweka kwenye taa mbili na chakula cha wenzako, maana mtu mwenye njaa haigizi hofu, anaigiza njaa. Damu iwe kidogo, kwenye ncha za vidole, kama Corman alivyofanya Madeline alipotoka. Vidole tu vinatosha kueleza kifuniko kilifunguliwaje.

Vazi la mzuka hujaniambia kama mmeshalilipia. Kama bado, lisimame kwanza, ukae na wenzako usiku mmoja bila kamera, kisha uniandikie jambo hili moja: katika filamu yenu, Roderick anajua lini kwamba dada yake yu hai?

Nasubiri barua yako.

Mama yako akupendaye