Kabla hamjapiga kura ya kuuza kampuni

Kampala

Ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani. Barua yako imefika: kampuni yenu inataka kuuzwa, na wanahisa wadogo kama wewe mnaona bei mnayopewa haitoshi. Hasira ya wanahisa wenzako ina haki, ila naona mnaielekeza kwenye bei. Kampuni ya programu za kompyuta ikiwa taabani, bei inayotajwa mbele ya watu ni ya kampuni nzima. Mwenye hisa za kawaida hupata masalio.

Tufanye mnunuzi ametaja shilingi bilioni 4, na hisa zote ni milioni 16: milioni 10 za kawaida, milioni 6 za upendeleo, mali ya wawekezaji. Kila mtu anagawanya harakaharaka na kupata 250 kwa hisa. Sasa anza kutoa. Deni la benki, PAYE (kodi ya mishahara) na NSSF (akiba ya uzeeni ya wafanyakazi) zilizolimbikizwa pamoja na adhabu zake: milioni 900. (Pesa zikikauka, hizo mbili za mwisho ndizo huachwa mapema, na mnunuzi mwenye akili hakubali kuzirithi.) Mawakili na dalali, milioni 200. Wawekezaji wanarudishiwa mtaji wao kwanza, tuseme bilioni 1.8. Imebaki bilioni 1.1. Kisha mnunuzi anazuia asilimia 15 ya bei, milioni 600, kwa mwaka mmoja na nusu hivi, ili madai yaliyofichika yakijitokeza yalipwe humo. Mkataba ukizibebesha hisa za kawaida peke yake mzigo huo, mnagawana milioni 500: shilingi 50 kwa hisa. Na kama hisa za upendeleo ni za aina inayorudishiwa mtaji halafu ikakaa tena mezani kugawana nanyi hizo milioni 500, mtapata 31. Yote hayo yaliamuliwa siku mwekezaji alipoingia.

Kwa hiyo nenda URSB, ofisi ya usajili wa makampuni, Kololo, ukapekue faili la kampuni. Chukua nakala ya katiba ya kampuni, maazimio yaliyosajiliwa na taarifa za hisa zilizotolewa. Mkataba wa wanahisa mara nyingi haumo. Mwandikie katibu wa kampuni auonyeshe. Humo tafuta kifungu cha kuburuzwa, kile kinachomlazimu mwanahisa mdogo kuuza wakubwa wakiuza. Kikiwepo, usipoteze nguvu kukataa kuuza. Kagua kama kinakupa bei na masharti yaleyale ya mkubwa.

Uliza pia kinachouzwa ni nini. Mnunuzi wa kampuni iliyodorora mara nyingi hataki hisa. Anataka msimbo wa programu, wateja na mafundi watano sita wanaoujua mfumo. Akinunua mali tu, pesa zinaingia kwenye kampuni, zinalipa wadai, nanyi mnabaki na hisa za ganda tupu hadi kampuni ifungwe au itoe gawio.

Mahali ambapo mimi ningesimama kidete ni malipo ya pembeni. Mwanzilishi anaahidiwa ajira ya miaka mitatu, bonasi ya kubaki, labda hisa za mnunuzi. Sehemu ya hayo ni mshahara halali. Sehemu nyingine ni bei ya kampuni iliyopitishwa dirishani, na huyohuyo ndiye aliyeketi kwenye bodi akisema bei ni nzuri. Daini mikataba hiyo iwekwe mbele ya wanahisa kabla ya kura, na mwenye maslahi aseme hadharani anapata kiasi gani. Wakikataa, Sheria ya Makampuni ya Uganda inamruhusu mwanahisa anayekandamizwa kulalamika kwa msajili.

Hesabuni kura zenu mapema. Mauzo yakiletwa kama azimio maalumu, linahitaji robo tatu ya kura zinazopigwa, na taarifa ya siku 21. Mkiwa na zaidi ya robo mnalizuia. Wenye moja ya kumi ya mtaji wenye kura wanaweza kudai mkutano uitishwe. Kwa mfano wangu ni hisa milioni 1.6, nanyi mkijumlishana huenda mkafika.

Asitie mtu sahihi kwenye fomu ya kuhamisha hisa iliyobandikwa hati ya kusamehe madai yote. Hiyo huja siku ya mwisho, na maneno ya "ni utaratibu tu". Walio Arua na Gulu wasioweza kusafiri wateue wawakilishi wa kuwapigia kura, na fomu zifike ofisi ya kampuni saa 48 kabla ya mkutano. Zikichelewa zitatupwa, na wakubwa wanalitegemea hilo.

Wako,
Rafiki yako