Barua ya wazi kwa madiwani wapya wa Chunya, Songwe na Ludewa: someni kabla ya kufukuza

Kwenu madiwani na wenyeviti wa vijiji mlioingia madarakani karibuni,

Mwagonile. Walio upande wa Njombe, kamwene.

Naandika nikiwa nimeudhika, na sitaficha. Kikao cha baraza la halmashauri moja ya kanda yetu, sitaitaja jina, kilirushwa redioni. Ajenda mbili zilihusu mgodi: malalamiko dhidi ya mwekezaji, kisha mpango wa mwaka wa kampuni kwa jamii, huu mnaouita CSR. Ya kwanza ilikula asubuhi nzima. Waheshimiwa walipokezana kipaza sauti: wametunyonya vya kutosha, leseni ifutwe, wafungashe virago. Makofi. Ya pili ilipita kwa "wanaoafiki waseme ndiyo". Hakuna aliyeuliza hata bei ya bati moja, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Wanangu, leseni ya uchimbaji haitolewi wala haifutwi na baraza la madiwani. Hiyo ni kazi ya Tume ya Madini na waziri. Mpango wa CSR ndio sheria imeuweka mkononi mwenu: kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni auandae kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Mkapaza sauti pale msipo na mamlaka, mkasinzia pale mlipo nayo.

Hilo la "ifutwe" nitakaa nalo kidogo, maana mfano wake hauko mbali. Uko Saza na Makongolosi, kwenye dhahabu ile ile ya Lupa iliyowavuta watu Chunya tangu miaka ya 1920. Kampuni ya Kanada, Winshear Gold, ilikuwa na mradi wa utafiti hapo, nayo ilishika leseni ya kuhodhi eneo. Sheria ya Madini ya 2010 iliweka leseni hiyo kwa ajili ya mtafiti aliyekwisha kupata madini lakini hawezi kuyachimba kwa wakati huo, ama bei ya soko iko chini, ama teknolojia haijatosha. Ilidumu miaka 5, na iliweza kuongezwa mara moja. Julai 2017 Bunge likaifuta aina hiyo ya leseni. Januari 2018 kanuni zikatoka na leseni zote za namna hiyo zikafa kwa pamoja, haki zikarudi serikalini. Desemba 2019 maeneo yale yakatangaziwa zabuni.

Msinielewe vibaya. Kero iliyozaa hatua ile ilikuwa ya kweli. Watu wa Ludewa hawahitaji kuelezwa na mtu: mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kati ya NDC, shirika letu la maendeleo la taifa, na kampuni ya China ya Sichuan Hongda, ulisainiwa 2011, wageni asilimia 80, sisi 20, na hadi leo chuma hakijatoka Liganga kama ilivyoahidiwa. Mtu kukalia mali ya nchi huku kijiji kinasubiri ni jambo la kukasirisha. Lakini hasira ina njia yake ya kisheria, na njia hiyo ni ndefu na haina makofi: notisi ya kosa kwa maandishi, ikitaja kifungu gani kimevunjwa, muda wa kurekebisha, nafasi ya mwenye leseni kujieleza, uamuzi wenye sababu, ndipo kufuta. Kila mwenye leseni kwa kosa lake. Kufagia wote kwa kanuni moja, mwenye kosa na asiye na kosa, ni kumwandikia mwanasheria wa mwekezaji nusu ya kesi yake.

Na kesi zikaja. Tanzania ilikuwa imesaini na Kanada mwaka 2013 mkataba wa kulinda uwekezaji: hutatwaa mali ya mwekezaji bila fidia. Winshear wakaenda Washington mwaka 2020, kwenye ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Oktoba 2023 serikali ikakubali kuwalipa dola milioni 30, nje ya hukumu. Indiana Resources, wenye madai ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, walipita kwenye mkataba wetu na Uingereza wa 1994. Julai 2023 wasuluhishi wakawapa zaidi ya dola milioni 109. Serikali ikaomba hukumu itenguliwe, na mwaka mmoja baadaye wakapatana kwa milioni 90. Montero, wa madini adimu ya Wigu Hill, Morogoro, wakapatana nasi kwa milioni 27 Novemba 2024. Jumlisheni: dola milioni 147. Kwa shilingi ni zaidi ya bilioni 350, na kati ya miradi hiyo mitatu hakuna hata mmoja uliokuwa umefikia kuwa mgodi. Tumelipia mashimo ya utafiti.

Kuna anayeuliza: si tulitunga sheria, ile namba 5 ya 2017, kwamba migogoro ya rasilimali iamuliwe hapa hapa nyumbani? Tulitunga. Ila sheria ya ndani haifuti saini iliyowekwa kati ya nchi na nchi. Hata mkataba ukivunjwa una mkia: ule wa Uholanzi tuliusitisha 2019, lakini unaendelea kuwalinda waliowekeza kabla ya hapo kwa miaka 15. Na hukumu ya ICSID haina rufaa. Unapewa siku 120 kuomba itenguliwe, tena kwa sababu chache za utaratibu, basi. Baada ya hapo inatekelezwa katika nchi yoyote mwanachama kama hukumu ya mahakama yake. Ndege ya Air Tanzania ilizuiwa Uholanzi mwaka 2022 kwa ajili ya tuzo ya namna hiyo, na ile haikuhusu hata madini. Ilikuwa habari ya shamba la miwa la Bagamoyo.

Sasa sikilizeni linalowahusu ninyi moja kwa moja, maana sidhani kama kuna aliyewaambia kwenye semina elekezi. Mbele ya wasuluhishi wa kimataifa hakuna "halmashauri" wala "kijiji". Kitendo cha chombo chochote cha dola, kiwe cha juu au cha chini, ni kitendo cha Tanzania. Diwani ukiongoza watu kufunga barabara ya mgodi, aliyefunga ni Tanzania. Mtendaji akizuia lori la mafuta bila amri halali, aliyezuia ni Tanzania. Na muhtasari wa kikao chenu, ule wenye maneno "wafungashe virago", unaweza kuwekwa mezani kama kielelezo kwamba uamuzi ulifanywa kwanza na sababu zikatafutwa baadaye. Kwa hiyo mnaposimama kusema, semeni kosa, tarehe na kifungu. Matusi yanawafurahisha wapiga kura kwa jioni moja.

Wengine watanirudishia makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje: mbona pale tulibana na tukapata? Tulipata, ni kweli. Machi 2017 usafirishaji ulizuiwa, makontena 277 yakakaa Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikasema kila kontena la tani 20 lina wastani wa kilo 28 za dhahabu, ilhali nyaraka zilionyesha kama kilo 4. Ikaja hesabu ya kodi, riba na faini ya dola bilioni 190 dhidi ya Acacia, kampuni ya dhahabu iliyokuwa chini ya Barrick ya Kanada. Mwisho wake, makubaliano na Barrick yaliyosainiwa Januari 2020: dola milioni 300, hisa asilimia 16, kampuni ya ubia ya Twiga, na ahadi ya kugawana manufaa nusu kwa nusu. Hisa na ubia ni mafanikio halisi. Lakini angalieni pia kwamba milioni 300 katika bilioni 190 ni chini ya senti 20 kwa kila dola 100. Tofauti ya kilo 28 na kilo 4 haikumalizwa na maabara. Ilimalizwa na mazungumzo. Na kilichowaleta wale mezani ni mgodi wenye dhahabu ndani na kampuni iliyotaka kuendelea kuchimba. Mtafiti uliyekwisha kumnyang'anya leseni hana cha kupoteza akikushtaki.

Wakulima wa mahindi na viazi wa kanda hii mnaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, kuliko mtu yeyote nchini. Mnajua kwamba mwizi wa gunia hakuibii kwenye bei, anakuibia kwenye kipimo. Madini ni vivyo hivyo. Makinikia yana unyevu, na malipo huhesabiwa kwa tani kavu, kwa hiyo asiyepima maji amekwisha kuibiwa au ameiba. Chembe nzito hushuka kontena linapotikiswa njiani. Ukichota juu una jibu moja, ukichota chini una jingine. Utaratibu unaofaa ni kuchoma bomba la sampuli sehemu nyingi za kila kontena hadi sakafuni, kuchanganya, kukausha, kisha kugawa mafungu manne: la muuzaji, la serikali, la mnunuzi, na la nne linafungwa kwa lakiri bila kuguswa. Majibu yakitofautiana kupita kiwango kilichokubaliwa, fungu la nne ndilo linalopelekwa maabara isiyo ya upande wowote. Lakiri hiyo ingekuwepo na kuaminiwa na pande zote mwaka 2017, tungekuwa tumebishana na karatasi ya maabara. Hata kwenye soko la madini la Chunya, kile kipimo cha mionzi kinasoma ngozi ya mkuo wa dhahabu tu. Kwa mzigo mkubwa, au mkuo wenye rangi mbili, daini kipimo cha kuyeyusha kwa moto. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wanaopita Tunduma wameona malori ya shaba. Zambia waliiweka KCM, kampuni ya migodi ya shaba, chini ya mfilisi mwaka 2019 wakiwatuhumu wenye hisa nyingi, Vedanta, kutotimiza ahadi. Kesi zikafuata, na mwaka 2024 mgodi ukarudi kwa Vedanta wale wale, wakiahidi kuwekeza dola bilioni 1 na kulipa madeni ya wazabuni wa ndani. Hao wazabuni, wenye magari na wenye maduka wa Chingola, ndio waliosubiri miaka hiyo yote.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi.

Mrabaha wa dhahabu, kwa kiwango cha kawaida asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1, vinatozwa kwenye thamani ghafi. Kampuni ikipata hasara, vinalipwa. Hisa asilimia 16 za serikali hazilipi kitu mpaka gawio litangazwe, na gawio linaweza kumezwa na riba ya mkopo ambao kampuni mama imemkopesha mwanawe. Mtu akiwaambia "tuna hisa", ulizeni deni.

Ushuru wa huduma ni wenu: ni asilimia ndogo ya mauzo. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 0.3, mauzo ya shilingi bilioni 100 yalikuwa milioni 300 kwa halmashauri. Msisubiri kampuni iwaambie imeuza kiasi gani. Linganisheni na vibali vya kusafirisha madini.

Fidia ya ardhi si bei ya shamba tu. Kuna maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi kwa miezi 36, na usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Tathmini inadumu miaka 2. Ikipita bila malipo, inafanywa upya. Wenyeviti, andikeni tarehe ya tathmini ukutani kwenye ofisi ya kijiji.

CSR: kataeni orodha isiyo na BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa, kazi na gharama zake. Kataeni barabara inayoishia getini kwa mgodi kuhesabiwa kuwa msaada kwenu. Kagueni kama darasa lile lile halimo pia kwenye bajeti ya halmashauri, maana jengo moja limewahi kulipiwa kwa mafungu mawili sehemu nyingi. Na posho zenu zisiwemo humo. Mnanielewa.

Si ninyi peke yenu wa kulaumiwa. Sheria zile za 2017 zililetwa kwa hati ya dharura, na jambo la vizazi likajadiliwa kwa siku chache. Sheria ya uwazi ya 2015 inataka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Mwananchi wa Mkwajuni bado anaonyeshwa picha ya kutia saini, kalamu na tabasamu, bila kurasa. Tunawaomba watu wawe na subira na hesabu ambazo hawajaonyeshwa, kisha tunashangaa wakishika mawe. Mtu asiye na karatasi ana sauti tu, nami siwezi kumlaumu kijana wa Makongolosi kwa kuitumia. Ninyi nawalaumu kwa sababu karatasi mnaweza kuipata.

Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka, mwandikieni mkurugenzi barua. Ombeni nakala ya mpango wa CSR pamoja na BOQ zake. Taarifa ya mauzo ya mgodi kwa robo iliyopita na ushuru wa huduma uliolipwa. Majedwali ya fidia yenye tarehe za tathmini. Na orodha ya leseni zote ndani ya kata zenu, zikiwa na tarehe za kuisha na masharti ya kazi ya kila mwaka. Barua isainiwe na madiwani wa kata zote zinazopakana na mgodi, wa vyama vyote. Nakala iende kwa Ofisa Madini Mkazi. Kwa Chunya mna mkoa wenu wa kimadini, hamna haja ya kufunga safari ndefu. Mkikuta mwenye leseni amekaa mwaka bila kutoboa hata shimo moja alilopaswa kutoboa, mwandikieni Ofisa huyo huyo, mkitaja namba ya leseni na sharti lililovunjwa, na mwombeni atoe notisi ya kosa. Tunzeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mzee wenu,
Mwanjelwa, Mbeya