Shukrani kwa dada wa Maktaba Kuu

Dada wa miwani uliyekuwa ukikaa karibu na dirisha, Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam: jina lako sikuwahi kukuuliza, najilaumu.

Nilikuwa najiandaa na GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hasa Marekani, kwa mara ya pili. Wa kwanza hesabu zilinitoa jasho. Shule niliacha zamani, hata asilimia zilishanitoka. Ukaniona nafutafuta, ukavuta kiti. Ukanichorea daftari la makosa: swali, nilipoteleza, njia sahihi. Kila Jumamosi ukatega simu mezani, maswali 12 kwa dakika 21, ikilia kalamu chini. Nikinasa kwenye swali unagonga meza: “Liwekee alama, songa, utalirudia.” Ni wewe uliyeniambia kuwa jibu baya halikatwi alama, nisiache swali tupu. (Mwaka mzima sikulijua hilo, aibu yangu.)

Jumamosi sita, na hata soda ulikataa.

Hesabu nimepata 161 kati ya 170. Nanyi mliokwisha kuufanya mtihani huu, mkimwona mtu anahangaika na vile vitabu vinene, vuteni kiti. Dada, ile soda bado ninakudai uinywe.