Shoga, hizo buti ziache kwanza

Shoga yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Picha nimezipata zote tano na nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona ule uzi uliofumuka ubavuni. Hapa Malindi twashukuru Mungu, kaskazi imeshaanza kuvuma na Wataliano ndio wanaingia, majumba ya Casuarina yanafunguliwa madirisha moja moja. Mama anakusalimu sana, anasema usipande ndege kabla hujaja kumuaga.

Haya, hizo buti za mitumba za shilingi elfu mbili unazotaka kwenda nazo Livigno, kule milimani Italia, ukajifunze snobodi, ule mchezo wa kuteremka theluji umesimama juu ya ubao mmoja. Umeniuliza uzinunue au usizinunue, jibu langu ni usizinunue. Lakini nakujua tangu tuko madrasa, nikikwambia usifanye kitu bila kukupa sababu kesho alfajiri uko Kongowea, soko la mitumba la Mombasa, unalipa, kwa hio nimekaa chini leo kazi imeisha mapema nikuandikie yote ninayoyajua, na mengine nimeyajua kwa maumivu.

Kwanza hapo kwenye picha kuna pea mbili na si kitu kimoja. Ile nyeupe ya plastiki ngumu, yenye vile vifungo vya chuma mbele, hio ni ya ski, wale wanaovaa mbao mbili kila mguu na wake. Ubao wa snobodi wa kawaida hauishiki. Muuzaji hana kosa, kwake yeye zote zimetoka robota moja na zote ni buti za barafu. Ile nyeusi laini yenye kamba ndio ya snobodi kweli, na ndio ninayoiongelea kuanzia sasa.

Sasa angalia picha ya nne, ulimi wa kiatu umeandikwa 26.5. Hio ni sentimita shoga, ni urefu wa mguu, wenzetu wa theluji wanapima ivo. 26.5 ni kama 41 na nusu, na wewe wavaa 39. Umeniandikia kwamba utavaa soksi mbili za sufu ijae. Hapo ndipo moyo wangu ulipopiga, manake ndio kitu kile kile nilichokifanya mimi Livigno mwaka wa kwanza.

Sikukuhadithia vizuri wakati ule kwa sababu sikutaka habari imfikie mama. Nilikua natandika vitanda hotelini, wiki ya tatu tu, wenzangu wote siku ya ofu wanapanda mlimani na mimi nabaki dirishani nawaangalia. Mmoja akaniambia kuna mtu anauza buti kwa yuro 30, zimevaliwa misimu miwili tu, safi. Nikazichukua. Namba moja zaidi ya yangu, nikasema si neno, baridi hii soksi mbili zitafaa. Siku ya kwanza nikaanguka sana lakini kila mtu anaanguka, siku ya pili vivyo hivyo, siku ya tatu nikawa nataka kugeuza ubao upande wa vidole, nikainua kisigino, na kisigino kikapanda chenyewe ndani ya kiatu, kiatu hakikufuata, ubao ukaenda ulikotaka wenyewe. Nikaangukia mkono. Kifundo cha mkono kilivimba kama embe na kwa wiki mbili sikuweza kushika shuka. Ile hotel walinikata siku zote nilizokosa. Wiki mbili bila mshahara kwa ajili ya buti za yuro 30.

Nataka ukielewe hicho kitu cha kisigino kwa sababu ndio kila kitu. Ubao wa snobodi hauna usukani. Unaugeuza kwa kuegemea upande wa vidole au upande wa kisigino, basi. Ule msukumo unatoka mguuni unapita kwenye kiatu, kutoka kwenye kiatu unapita kwenye baindingi, ile mikanda inayoshika kiatu, ndio unafika kwenye ubao. Mguu ukicheza ndani ya kiatu ata nusu sentimita, ubao unapata habari kuchelewa, na ukiwa mwanafunzi huna muda wa kuchelewa. Ubao mzee unaweza kujifunzia, koti la mtu unaweza kuvaa, lakini kiatu kikiwa kibaya hujifunzi kitu, unajifunza kuogopa tu.

Alafu kuna ile laina, yani kile kiatu laini cha povu kilicho ndani ya kiatu. Ukivuta inatoka yote. Ile imetengenezwa ishike umbo la mguu wa mwenyewe, kuna ambazo dukani wanazipasha moto kabisa mteja anavaa zikiwa na joto zinajiunda mguuni kwake. Na hata bila moto, siku zinavyokwenda povu linabonyea pale pale mguu wake ulipokua unasukuma. Ikishabonyea hairudi. Kwa hio wewe unapoingiza mguu dukani unasikia raha, laini, nafasi tele, unasema hiki kinanifaa, na raha yenyewe ndio dalili kwamba kimekwisha. Kiatu kipya cha snobodi kinabana kwanza. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma vinapata nafasi. Kile cha zamani kilichokua namba yako kishakua kikubwa kuliko namba yako. Sasa hicho chako ni kikubwa tangu siku kilipotoka kiwandani!

Na kile ni cha mwanamume, karibu nina hakika, kwa urefu wa shingo yake. Vya wanawake vinakatwa chini zaidi nyuma kwa sababu shavu la mguu wetu linaanza chini, na kisigino kinakua chembamba zaidi. Sisi wa huku kuna jambo jingine, tumekua na ndara na miguu chini mpaka shule, vidole vyetu vimetanuka mbele. Mimi mguu wangu mbele ni mpana na nyuma ni mdogo, na wako nimeuona mara ngapi pale Mayungu kwenye mchanga, ni ule ule. Mguu kama huo wataka kiatu kipana mbele chenye kushika nyuma, vipo, vinaandikwa kabisa kwamba ni vipana, lakini lazima ujaribu miguu yako mwenyewe tena jioni miguu ikiwa imejaa kidogo. Soksi ni moja, nyembamba ya sufu. Ukivaa mbili zinabana damu na jasho linabaki ndani, na baridi ndio inaingia hapo.

Halafu fikiria hicho kiatu kimetoka wapi. Kimekaa kwenye kontena, kimepita baharini, kimekaa Kongowea kwenye joto na unyevu wetu sijui miezi mingapi. Gundi haipendi joto. Soli za povu nazo zikizeeka kwenye unyevu zinavunjika kama mkate mkavu, kwa nje wala huoni, unaona siku unayokanyaga. Ule uzi wa ubavuni nilioukuza kwenye simu, hapo ndipo kiatu kinapokunjika kila ukipiga goti.

Lakini haya yote tuseme hayako, tuseme kiatu ni 39, cha kike, kipya. Bado ningekwambia subiri. Shoga yangu, wewe unaenda Livigno! Ule mji hauna VAT, ni desturi ya zamani sana kwa sababu ya umbali wake huko juu mlimani, mita 1,816, na watu wanatoka mbali kwenda kununua vitu pale. Maduka ya vifaa vya theluji yamejaa barabara nzima. Yani ni sawa na mtu anayekuja Malindi abebe samaki kutoka Nairobi. Na kila mahali wanakodisha, utaona wameandika noleggio, unaingia wanakupima mguu kwa sentimita, ukiona kinauma unarudisha wanakupa kingine. Kodi siku zako za kwanza tatu nne. Kwanza uone kama unaupenda huo mchezo, manake kuna wasioupenda na si aibu. Baada ya hapo utakua unajua mguu wako wataka nini. Mimi buti zangu za kweli nilizipata mwezi wa nne msimu unaisha, mpya, modeli ya mwaka uliopita, bei wameishusha vizuri kabisa, na ndizo zilizonifundisha. Nilipovaa zile siku ya kwanza niliteremka mteremko ambao nilikua naulilia, sikuamini. Nilisimama chini nikaangalia juu.

Ikiwa huko huko utapata za mtu mwenye namba yako ambaye amevaa mara mbili tatu akaacha, hizo nunua, sikatai mitumba mimi, nimekulia mitumba. Lakini vuta laina utoe nje, tia mkono ndani usikie kama povu limebonyea kisiginoni. Toa ile soli nyembamba ya ndani uikanyage, mguu wako uenee juu yake. Kunja kiatu uangalie soli kama inaachia pembeni. Kama ni zile za kuzungusha kitufe badala ya kamba, zungusha mpaka mwisho uachie mara kadhaa, waya usiwe umechanika. Alafu funga vizuri, simama kwa vidole mara kumi. Kisigino kikipanda, rudisha. Na uliza kama ni zile za Burton zinazojibana zenyewe bila mikanda, Step On, zile zina baindingi yake na buti ya kawaida haishiki humo, usije ukanunua nusu ya kitu.

Hio elfu mbili usiirudishe mfukoni lakini. Tafuta koti zito lisilopitisha maji, suruali yake, glavu, hapo Kongowea mavazi ya baridi hayana wateja wengi na utapata kamera, yani zile za daraja la kwanza, kwa bei ya chini. Koti la mtu halina shida. Na buti za kawaida za kutembelea theluji, kutoka chumbani mpaka kazini, hizo ukipata za namba yako zenye soli ya meno chukua, kila asubuhi utazihitaji kuliko hizo za ubao.

Umeniambia kaka yako anasema mtu wa pwani na theluji wapi na wapi. Mwambie Sabrina Simader amezaliwa hapa Kilifi, na mwaka 2018 aliteremka kwa jina la Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, kwenye ski. Alipelekwa Austria mdogo sana ndio, lakini kuzaliwa kazaliwa Kilifi.

Kesho kabla hujatoka simama ukutani kisigino kiguse, weka alama kwenye kidole kirefu, pima kwa futi na unitumie sentimita za miguu yote miwili, usipime mmoja. Nina mtu bado yuko kule dukani, nitamuuliza zipi pana mbele. Na zile soksi zangu mbili nyembamba za sufu ziko kwenye sanduku nimezitoa leo nimezianika, ukija kumuaga mama utazikuta.

Wako,
wa Barani