Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Haut-Katanga: nasi tuhesabu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa nne katika kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi ya serikali. Jina la shule naliacha. Mkurugenzi anajitahidi, sipendi apate matatizo kwa ajili ya barua yangu.

Ofisini mwake, nyuma ya kiti, kuna karatasi kubwa iliyopigwa mistari kwa rula: wavulana, wasichana, walimu. Mwezi wa kumi na moja niliisoma: mwaka wa tatu, watoto 68. Nikaenda darasani kujionea. Watoto wanne kwenye benchi moja, wengine chini juu ya magunia matupu ya unga. Nilipofika 90 mvua ikaanza kupiga mabati, mwalimu akanyamaza maana hakuna aliyemsikia tena, nami nikapoteza hesabu. Karatasi ilijazwa mwezi wa tisa. Watoto wakaendelea kuja.

Kuja kwao ni jambo jema. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, ilitangaza shule ya msingi ya serikali kuwa bure, na ilibidi tungoje hadi 2019 ndipo ikaanza kutekelezwa. Lakini karatasi ileile inasema walimu 12, bila kusema kwamba watano ni NU, hawamo katika orodha ya malipo ya serikali. Wazazi ndio tunawachangia ili wasiache kazi. Tunaita motisha. Kwenye maandishi, shule ni ya bure.

Sasa, namba hizo hupanda: toka shuleni hadi jimboni, toka jimboni hadi Kinshasa, kisha zinaingia katika ripoti za dunia. Mwaka 2015 nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa, yetu ikiwamo, zilipitisha malengo ya maendeleo ya kufikiwa ifikapo 2030. Lengo la 4 ndilo la elimu, na haliishii kwenye kuandikisha. Linauliza kama mtoto wa mwaka wa pili au wa tatu anasoma na kuelewa. Linauliza maji, umeme, na choo cha wasichana peke yao. Mwongozo wa kulitekeleza unataka mashirika ya raia yashirikishwe tangu kupanga hadi kufuatilia, na unazitaka serikali zitenge walau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yao kwa elimu. Sisi wa Katuba tungependa tu kujua ni faranga ngapi za chaki zilifika.

Kushirikishwa kwetu hadi leo ni kuitwa siku ya kufungua warsha. Unapewa kofia na chupa ya maji, picha inapigwa, saa sita umerudi nyumbani. Nina kofia tatu.

Ninachoomba si pesa. Fomu ya takwimu ya kila mwaka, kabla haijatoka shuleni, kamati ya wazazi iisome na kutia sahihi, na pawe na nafasi ya kuandika pale ambapo hesabu yetu haifanani na ya ofisi. Nakala moja ibandikwe kwenye lango, pamoja na pesa za uendeshaji ambazo shule imepokea. Na siku ripoti ya jimbo inapojadiliwa, mashirika ya raia yaipate mapema, tusiisomewe tukiwa tumekaa.

Nakubali, kwetu nako si safi. Kuna kamati zinazokula na mkurugenzi, nazo zitatia sahihi chochote. Ndiyo maana nasisitiza ile nakala ya langoni: mama anayeuza mikate pale anajua vizuri kuliko sisi wote ni watoto wangapi wanaingia.

Jumatatu nitarudi mwaka wa tatu kuhesabu tena, mapema, kabla ya mvua. Ukipenda kutuma mtu wako, masomo yanaanza saa moja na nusu.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya wazazi
Katuba, Lubumbashi