Modi hakushinda peke yake, sisi wa dengu tunajua

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi gazeti lenu limeandika habari ya India mkasema chama cha waziri mkuu Modi, BJP, kina wingi bungeni, hapo ndo nikaweka kikombe cha chai chini. Hakina! Uchaguzi wa 2024 BJP walipata viti 240 kati ya 543, na kutawala kunataka 272, sasa 240 na 272 wapi na wapi. Mwaka 2019 walikuwa na 303 wakawa hawamuulizi mtu, 2024 wakaingia kwenye kampeni wanatamba muungano wao utavuka 400, matokeo yametoka Juni 4 wote kwa pamoja wana 293.

Kwa lugha ya huku ziwani, ni tajiri mwenye mtumbwi wa dagaa, jina lake kaliandika kubwa ubavuni, ila injini ya mtu na taa za mtu mwingine. Mwenye injini ni Chandrababu Naidu wa jimbo la Andhra Pradesh, chama chake viti 16, mwenye taa ni Nitish Kumar wa jimbo la Bihar, chama chake viti 12, na huyu Nitish mpaka Januari mwaka huohuo alikuwa upande wa wapinzani (hawa watu bwana!). Watoe hao wawili vinabaki 265, mtumbwi hata Ukerewe haufiki. Ndo maana bajeti ya Julai ile Andhra wakatengewa rupia bilioni 150 za kujenga makao makuu yao mapya Amaravati, na Bihar nao barabara.

Mtasema dengu zinaingiaje hapo. Zinaingia sana, maana dengu zetu tunauza India. Serikali ya Modi ilizuia vitunguu visiuzwe nje Desemba 2023 ili mlaji wa mjini apate bei nafuu, mkulima wa jimbo la Maharashtra akaumia, na BJP jimboni humo wakashuka toka viti 23 mpaka 9. Afu Mei 2024, watu bado wako kwenye foleni za kura, wakafuta ushuru wa dengu za nje ambao toka 2018 ulikuwa asilimia 60. Huku wenzangu wa stoo wakashangilia, mi nikawaambia tulieni, dengu za Tanzania zilikuwa zinaingia bila ushuru siku nyingi kwa vile tuko kwenye lile kundi la nchi maskini, jina hatulipendi ila lina faida yake, kwahiyo aliyefunguliwa mlango hapo ni Mwaustralia na mashine zake za kuvunia, sio mama wa Kwimba na fimbo yake ya kupigia.

Agosti ile niko Ngudu, vijana wanachekecha, vumbi hadi kwenye kope, magunia yameshashonwa mdomo, mnunuzi wa Dar ananipigia, "Kaka usipakie kwanza, Bombay hawajatulia." Siku tisa lori la watu limelala pale linanidai. Mkulima ananiangalia mi kama ndo nimeshusha bei.

Sisemi Naidu ndo kapanga ushuru wa dengu, hapana. Nasema serikali ya mseto, yenye viti vya kuazima, inasikia kila kelele, leo ya mlaji kesho ya mkulima, na sie tuko mwisho wa kamba. Aprili 2025 wamerudisha ushuru asilimia 10, wakulima wao wako kwenye mavuno, na hapo angalau tukapata upenyo kidogo mbele ya Mwaustralia. Hiyo habari mi nimeipata kwa Mhindi mmoja wa hapa mjini tunayeuziana magunia, sio kwenye gazeti.

Kwahiyo mkiandika India msiishie kwenye picha ya Modi kapunga mkono. Tuambieni Naidu kataka nini, Nitish kanuna wapi, ushuru umekaaje, na iwe kabla ya Julai, maana Misungwi wakianza kuvuna hakuna anayesubiri gazeti, ada za shule zinadai.

Dalali wa dengu,
Igoma, Mwanza