AMCOS yenu, TFC na ICA: ushirika wa dunia umepangwaje, na masharti yenu yanaingia wapi

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka kwa wenyeviti na mameneja wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima vinavyokusanya na kuuza mazao, ni hili: chama chetu kijiunge vipi na ushirika wa dunia, fomu ziko wapi, ada ni kiasi gani? Chama cha msingi hakina fomu ya kujaza huko. Njia yenu inaanzia kwenye mkutano mkuu wenu wenyewe na kupanda kwa wawakilishi. Ikikatika, mara nyingi hukatikia huku chini, kwa sababu ya makaratasi na michango ambayo chama kingeweza kuimaliza ndani ya msimu mmoja.

Tuanze na ngazi zenyewe. Mkulima ana kura moja kwenye AMCOS, awe na kilo 200 au kilo 3,000. AMCOS huchagua wajumbe wa kukiwakilisha kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu, kama KNCU kule Kilimanjaro (kilichosajiliwa 1933, kikirithi kazi ya umoja wa wakulima wa kahawa ulioanza 1925) au KCU kule Kagera. Vyama vikuu hukutana kwenye Shirikisho la Vyama vya Ushirika Tanzania, TFC. Na TFC ndiyo inayokaa kwenye kiti cha uanachama wa ICA, yaani Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani. Kenya kiti cha namna hiyo kinashikwa na Co-operative Alliance of Kenya.

ICA ilianzishwa London mwezi Agosti 1895. Kwa miongo mingi makao yake yalikuwa hukohuko, yakahamia Geneva mwaka 1982, na sasa yako Brussels, Ubelgiji. Chini yake kuna kanda nne: Afrika yenye ofisi Nairobi, Asia na Pasifiki yenye ofisi New Delhi, Amerika yenye ofisi San José nchini Costa Rica, na Ulaya iliyoko Brussels. Kwa hiyo mwakilishi wa TFC akiwa na hoja, mlango wake wa kwanza nje ya nchi ni Nairobi, si Ulaya. Juu kabisa uko mkutano mkuu wa wanachama, kisha bodi inayoongozwa na rais na kuwa na makamu kutoka kila kanda. Ariel Guarco wa Argentina alichaguliwa kuwa rais mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022.

Sambamba na kanda, ICA ina mashirika manane yanayofuata aina ya kazi: kilimo, uvuvi, benki, bima, nyumba, afya, maduka ya walaji, na vyama vya wafanyakazi wanaomiliki kiwanda au kampuni yao. La kilimo linaitwa ICAO na linaendeshwa kutoka Seoul, Korea Kusini. Hapa ndipo mambo ya bei za pembejeo, hifadhi ya mazao na masoko hujadiliwa na watu wanaofanya kazi moja na yenu.

SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zina njia nyingine inayokwenda pembeni ya hii. Tanzania zina chama chao cha kitaifa, SCCULT. Barani Afrika kuna ACCOSCA yenye makao Nairobi, na duniani kuna WOCCU iliyoko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. WOCCU ndiyo iliyotengeneza vipimo vya PEARLS ambavyo mameneja wengi wa SACCOS wanavitumia: mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, mikopo iwe kati ya asilimia 70 na 80 ya mali zote, na mtaji wa taasisi usiwe chini ya asilimia 10 ya mali. Kama SACCOS yenu imejenga jengo la ghorofa huku wanachama wakisubiri mkopo miezi minne, angalieni vipimo hivi kabla ya kumlaumu mhasibu.

ICA inafanya nini hasa? Haikopeshi, haigawi ruzuku kwa vyama vya msingi, na haina wakala anayezunguka vijijini kuandikisha wakulima. Akija mtu na risiti akidai ada ya "usajili wa kimataifa" ili mfunguliwe fedha za wafadhili, msilipe. Mpelekeni kwa Afisa Ushirika wa wilaya, naye atawaambia haraka kama karatasi yake ina maana yoyote.

Kazi yake kubwa ni kulinda maana ya chama cha ushirika, na kuitetea mbele ya serikali na Umoja wa Mataifa, ambako ICA imekuwa na nafasi ya kutoa ushauri tangu 1946. Mwaka 1995, kwenye mkutano wa Manchester ulioadhimisha miaka 100, ilipitisha tamko la utambulisho wa ushirika lenye misingi saba. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani, ILO, likaibeba misingi hiyo katika Pendekezo Na. 193, linalozitaka serikali zisiviweke vyama vya ushirika katika hali duni kuliko biashara nyingine. Pendekezo lililotangulia, la 1966, lilihusu nchi zinazoendelea tu, kana kwamba ushirika ni dawa ya maskini. Hili la 2002 linahusu nchi zote. Kwa vyama vyetu huo ni ushindi mkubwa, maana unawapa viongozi wa shirikisho andiko la kushika mkononi wanapojadili sheria na kodi. Umoja wa Mataifa nao ulitangaza 2012, na tena 2025, kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika. Siku ya Ushirika Duniani, ile tunayoiita SUD, ni Jumamosi ya kwanza ya Julai kila mwaka.

Misingi hiyo saba ndiyo mahali ambapo ushirika wa dunia unagusa daftari lenu. Tunapopitia masharti ya chama, yaani kanuni zake zilizosajiliwa, tunayaweka kando ya misingi kifungu kwa kifungu. Baadhi hupita bila shida. Mingine hukwama palepale kila mara.

Uanachama wa hiari na ulio wazi hukwama kwenye kiingilio na hisa. Chama kinaanza na hisa ya bei nafuu, kinafanikiwa, kisha waanzilishi wanapandisha bei hadi kijana mwenye ekari moja hawezi kuingia. Hakuna aliyeandika kwamba vijana hawatakiwi, lakini matokeo ni hayohayo. Dawa ni kuruhusu hisa zilipwe kwa makato madogo kwenye mauzo ya misimu miwili au mitatu, na kifungu kiseme wazi kwamba anayelipa kwa makato ana haki ya kupiga kura.

Usimamizi wa kidemokrasia unaeleweka na wengi, isipokuwa jambo moja. Mwanachama mmoja kura moja ni lazima kwenye chama cha msingi. Ngazi za juu zinaruhusiwa kupanga kura kwa namna nyingine ya kidemokrasia, mathalani AMCOS yenye wanachama 900 kupeleka wajumbe wengi kuliko yenye 60. Msishangae basi mkikuta chama kikuu hakihesabu kura sawa kwa kila chama. Kinachotakiwa ni utaratibu huo uwe umeandikwa na kupitishwa.

Ushiriki wa kiuchumi ndio wenye makosa mengi kuliko misingi yote. Wale wafumaji na wenzao wa Rochdale, Uingereza, 28 kwa jumla, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikubaliana kwamba ziada irudi kwa mwanachama kulingana na alivyonunua, na mtaji upate riba yenye kikomo. Kwa AMCOS kipimo ni mazao aliyopeleka. Chukueni mfano wa ziada ya shilingi 20,000,000. Mkutano mkuu unatenga 8,000,000 kwenye akiba ya chama, 2,000,000 kwenye elimu, 1,000,000 kwa shughuli za jamii na 1,000,000 riba ya hisa. Zinabaki 8,000,000. Kama chama kilikusanya kilo 160,000, kila kilo inapata shilingi 50. Aliyeleta kilo 3,000 anachukua 150,000, aliyeleta kilo 200 anachukua 10,000. Viwango hivi ni vya mfano tu, vyenu vifuate sheria, masharti na uamuzi wa mkutano.

Vyama vingi hugawa ile 8,000,000 sawa kwa kila kichwa, kwa kuona ndiyo haki. Mwaka unaofuata wakulima wakubwa wanauza kwa walanguzi, kilo zinashuka, gharama za ghala na mshahara wa karani zinabaki zilezile, na ziada inapotea. Kosa la pili ni kugawa kwa kukisia kwa sababu daftari la mizani halilingani na stakabadhi za wakulima. Linganisheni kila wiki ya msimu, msingoje mwisho. Na la tatu, zito zaidi: kuigawana akiba ya chama. Sehemu ya akiba hiyo haigawanyiki kamwe. Ni mali ya chama kwa vizazi vijavyo.

Kujitawala na uhuru ni msingi ulioongezwa 1995, pamoja na ule wa kujali jamii. Orodha ya 1966 haikuwa nao. Sisi huku tunajua kwa nini ulihitajika: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Siku hizi hatari huja zaidi kupitia mikataba. Mnunuzi anakopesha pembejeo, na kwenye ukurasa wa nne kuna kifungu kwamba mazao yote yauzwe kwake kwa bei atakayotangaza. Mkopo kama huo upite kwenye mkutano mkuu na uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Bodi ikisaini peke yake, chama kimekabidhi uhuru wake bila wanachama kujua.

Elimu hukwama kwa sababu haina fungu kwenye bajeti. Msingi wa sita, ushirikiano baina ya vyama, unaturudisha kwenye swali la mwanzo. Ili sauti yenu ifike TFC na kwingineko, chama kiwe kimelipa hisa na michango ya chama kikuu, hesabu ziwe zimekaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na wajumbe wawe wamechaguliwa kwenye mkutano wenye akidi na muhtasari uliosainiwa. Mara nyingi tunakuta mjumbe alichaguliwa vizuri lakini muhtasari hauna orodha ya mahudhurio, hivyo akidi haithibitiki. Ongezeni pia kifungu kinachomlazimu mjumbe kuleta taarifa ya maandishi ndani ya siku 30. Bila hicho, yanayoamuliwa juu hayashuki.

Kuna huduma moja ya kimataifa ambayo chama cha msingi kinaweza kuiomba moja kwa moja: anwani ya tovuti inayoishia na .coop, iliyotengwa kwa ajili ya vyama vya ushirika. Andaeni nakala safi ya hati ya usajili, na jina mnaloomba lilingane na la kwenye hati. Mkisajiliwa kwa jina refu na kuomba kifupi kisichoonekana popote kwenye nyaraka zenu, uhakiki unaweza kukwama.

Mkitaka tupitie masharti yenu, leteni masharti yaliyosajiliwa (siyo rasimu), mihtasari ya mikutano mikuu miwili ya mwisho, taarifa ya COASCO ya karibuni, na mikataba yote ya mikopo na ununuzi. Tunawaandalia rasimu ya marekebisho yenye safu mbili, kifungu cha zamani na kipya. Wanachama waipate pamoja na taarifa ya mkutano, kwa muda uliowekwa na masharti. Ikishapitishwa, ipelekwe kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika ikiwa na muhtasari na mahudhurio. Msianze kutumia kifungu kipya kabla Mrajis hajakisajili, kwa sababu hadi hapo cha zamani ndicho kinachotawala, na uamuzi wowote wa fedha uliofanywa kwa kipya unaweza kupingwa.